Usitenge kikombe, fungua dirisha

SWALI: "Daktari, hujambo. Naishi Manyatta, Kisumu, na mume wangu na watoto watatu: wa miaka 9, wa miaka 4 na mchanga wa miezi 8. Chumba ni kimoja, futi 10 kwa 12, tumekigawa kwa pazia. Kwa miezi kadhaa sasa tunakaa na shemeji yangu wa miaka 24 aliyetoka Siaya kutafuta kazi ya mjengo. Analala upande wa sofa pamoja na wale watoto wawili wakubwa. Alikohoa karibu miezi miwili, tukadhani ni vumbi la simiti. Siku tisa zilizopita alipimwa makohozi, wakasema ni TB, akaanzishiwa dawa. Nimemtengea kikombe, sahani na kijiko. Nguo zake nazifua kando, na sakafu naipiga deki kwa dawa kila asubuhi. Usiku tunafunga dirisha kwa sababu ya mbu na wezi, na mvua ikinyesha napikia ndani kwa jiko la makaa. Jirani anasema tupulizie chumba dawa. Mume wangu anataka kumrudisha mdogo wake kijijani hadi apone. Kuna mtu ananiuzia mashine ya kusafisha hewa kwa shilingi 9,000. Je, huyu mchanga nimwachishe kunyonya? Pazia nilibadilishe niweke zito zaidi? Watoto wangu wameshaambukizwa?"

JIBU: Mama, salamu zimefika. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nikihesabu kazi unayoifanya tangu majibu yale yatoke, naona unachoka kuliko mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kukuongezea la kufanya, acha nikupunguzie. Kutenga vyombo, kufua kando, deki ya dawa kila asubuhi: yote hayo unaweza kuyaacha leo. Vyombo vioshwe kwa sabuni kama vya kila mtu, basi. TB haipiti kwenye kikombe, sahani, shuka, kiti cha choo wala mkono unaosalimiwa. Inasafiri hewani, na mlango wake wa kuingia mwilini ni pumzi.

Najua si rahisi kuliamini hilo. Sisi watu wa kandokando ya ziwa tumefundishwa usafi na kipindupindu, na kwa kipindupindu kikombe kweli kina kesi ya kujibu. Kwa kifua kikuu hakina. Isitoshe, kikombe kilichotengwa kina madhara yake: kijana anakiona kila akinywa chai, anajua maana yake, na siku moja anaamua kuhama au kuificha dawa ili wenzake wa mjengo wasimwone akiimeza. Hapo ndipo hatari ya kweli inapoanza.

Sasa nieleze kinachotokea hasa. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba, akicheka au hata akizungumza, hutoa vitone vya kila ukubwa. Vile vikubwa huanguka chini papo hapo, na habari yao huishia hapo. Bakteria aliyenata sakafuni hainuki kukufuata puani. Vile vidogo sana hukauka kabla ya kugusa sakafu, zikabaki chembe za mikroni 1 hadi 5. Ukizipanga mstari, zitaingia mia mbili hadi elfu moja ndani ya milimita moja. Chembe za namna hiyo hazianguki haraka. Huelea kwa saa kadhaa, na kwa udogo wake hupita vinyweleo vya pua na koo hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo chini kabisa ya mapafu, mahali pekee ambapo bakteria huyu anaweza kuanzia maisha.

Kwa hiyo ukitaka kujua pumzi ya shemeji yako inafika wapi, jiulize moshi wa sigara ungefika wapi kama angeivuta akiwa ameketi kwenye hiyo sofa. Je, pazia lingeuzuia? Usingeisikia harufu kitandani kwako? Hilo ndilo jibu la swali lako la pazia zito, na nitalirudia baadaye, maana pazia hilo linafanya kinyume cha unavyodhani.

Kulijua hili kulichukua muda mrefu. Robert Koch alimtangaza bakteria wa TB tarehe 24 Machi 1882, lakini ilibidi kungoja hadi miaka ya 1950 ndipo njia yake ya hewani ikathibitishwa bila ubishi. Huko Baltimore, Marekani, William Wells na Richard Riley walichukua wodi ndogo ya vyumba sita vya wagonjwa wa TB, wakaielekeza hewa yake yote ipande kwa mabomba hadi darini, walikokuwa wamefuga simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanana na sungura wasio na masikio marefu. Simbilisi hawakuwagusa wagonjwa, hawakula nao, hawakutumia sahani zao. Walichoshiriki nao ni hewa tu. Wakaambukizwa, mmoja baada ya mwingine. Kundi jingine lilipewa hewa ileile baada ya kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno, mwanga usioonekana unaoua bakteria, na hao hawakuambukizwa.

Ajabu ni kwamba korona ilipoingia Kenya, kesi ya kwanza ikatangazwa Machi 2020, tulisahau somo hilo kwa muda. Tukaweka ndoo za kunawia kila mlango, tukapuliza dawa barabarani na sokoni, kisha tukapanda matatu ya kwenda Busia madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu abiria mmoja analalamika kuhusu upepo. Ushauri wa jirani yako wa kupuliza chumba umetoka enzi hiyo. Dawa ya kupuliza haitamfikia bakteria anayeelea hewani wala aliye ndani ya pafu la mtu, ila itamkereketa mtoto wako wa miezi 8. Mwambie asante, usiifanye.

Tuje kwa shemeji. Hofu ya mume wako naielewa. Anawalinda watoto wake. Lakini kumpeleka Siaya sasa hivi kungekuwa kufunga zizi baada ya ng'ombe kutoka. Hewa iliyokuwa na hatari kubwa ni ile mliyoivuta kwa miezi miwili kabla hajapimwa. Tangu alipoanza dawa, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka, na sisi kwa kawaida huhesabu wiki mbili za dawa inayofanya kazi kama kipindi cha tahadhari. Wengi hutulia hata mapema zaidi. Wale simbilisi wa Baltimore walionyesha jambo hilohilo: waliowaambukiza zaidi ni wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa, na wale ambao dawa haikuwaweza. Wewe uko siku ya tisa. Umebakiza siku tano.

Kuna utafiti wa zamani ninaowasimulia watu wenye chumba kama chako. Mwaka 1956, katika jiji la Madras, India, ambalo sasa linaitwa Chennai, wagonjwa maskini walioishi vyumba vilivyobanana waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walilazwa sanatoria, yaani hospitali za kuwatenga wagonjwa wa TB, kwa kitanda kizuri na chakula kizuri. Nusu walitibiwa nyumbani kwao, katika msongamano uleule. Kisha familia zao zikafuatiliwa kwa miaka mitano. Familia zilizokaa na mgonjwa wao nyumbani hazikuugua zaidi ya zile ambazo mgonjwa wao alitengwa. Dawa ndiyo iliyokuwa ukuta. Utafiti huo ulisaidia kuzifanya sanatoria zisihitajike tena.

Na hapa kwetu tumewahi kujaribu njia ya kumfukuza mgonjwa, ikatuaibisha. Mwaka 2010 huko Kapsabet, wagonjwa wa TB walioacha dawa walihukumiwa miezi minane gerezani kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Fikiria: mtu mwenye ugonjwa wa hewani anapelekwa kwenye jengo lenye hewa mbaya na watu wengi kuliko karibu jengo lolote nchini. Walitolewa baada ya siku 46, na Machi 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwafunga gerezani kwa ajili ya matibabu kunakiuka Katiba. Sisemi mume wako ni jela. Nasema tu kwamba kumhamisha mgonjwa hakuuhamishi ugonjwa kwenda pasipo na watu. Kijijani Siaya kuna bibi na babu, na pengine kibanda chenye dirisha dogo kuliko lenu. Na katikati ya safari mtu hupoteza siku za dawa, kadi inapotea, anajisikia nafuu mwezi wa pili, anaacha. TB isiyokamilishiwa dawa hurudi, wakati mwingine ikiwa imejifunza kuishinda dawa. Matibabu ni miezi sita, hulipi dawa katika vituo vya serikali, na akae pale ambapo kuna mtu wa kumuuliza kila asubuhi, "Umemeza?" Mtu huyo, Mama, naona ni wewe.

Jambo moja la kuthibitisha kliniki: je, makohozi yake yalipimwa kwa GeneXpert, mashine inayomtambua bakteria wa TB na usugu wake, na je, bakteria yake inasikia rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB? Kama jibu ni ndiyo, hesabu yangu ya wiki mbili inasimama. Kama walikuta usugu, mpango mzima hubadilika na kliniki itawaongoza. Na mkojo wake ukigeuka rangi ya chungwa asishtuke, ni rangi ya dawa hiyo tu.

Sasa hewa yenyewe, maana hapo ndipo nguvu zako zinapofaa kwenda. Chumba chako, tukikadiria urefu wa futi 8, kina mita 27 za ujazo za hewa. Mko watu sita. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitaja kipimo cha lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde. Ukipiga hesabu, hewa yote ya chumba chako inapaswa kubadilika karibu mara 8 kila saa. Mlango na dirisha vikifungwa usiku, haibadiliki hata robo ya hivyo. Asubuhi ukiamka na kichwa kizito na chumba kinanuka usingizi, umevuta hewa iliyokwisha kutumiwa na watu wengine watano.

Faida ya kubadilisha hewa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila mara hewa ya chumba inapobadilika, karibu thuluthi mbili ya chembe zinazoelea hutoka nayo. Ikibadilika mara ya pili hubaki kama 14 kwa mia, na ya tatu kama 5 kwa mia. Watafiti waliopima hospitali 8 za jiji la Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, waligundua kwamba vyumba vilivyofungwa vilibadilisha hewa kama mara moja na nusu kwa saa. Vilipofunguliwa madirisha na milango, mara 28. Vyumba maalumu vya kutenga wagonjwa, vyenye mitambo ya umeme, vilifika 12. Na majengo yaliyozidi miaka hamsini, yenye dari za juu na madirisha mapana, yaliyashinda majengo mapya. Wazee wetu waliojenga wodi zenye madirisha pande mbili hawakuwa na mashine ya kupima, ila walijua walichokuwa wakifanya.

Lakini kufungua dirisha moja hakutoshi. Hewa haipiti kwenye chupa yenye mdomo mmoja. Inataka pa kuingilia na pa kutokea, na ikiwezekana vitu hivyo viwili vielekeane, au kimoja kiwe chini na kingine juu, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda. Najua ploti za Manyatta: mlango na dirisha viko ukuta mmoja, ukuta wa nyuma ni wa jirani. Basi inua macho. Nyumba nyingi za kupanga zina matundu aliyoyaacha fundi juu ya mlango, juu ya dirisha, au pale ukuta unapokutana na mabati, na wapangaji waliotangulia wameyaziba kwa gunia, karatasi na matambara ili mbu wasipite. Yazibue. Kisha piga wavu wa waya hapohapo. Kama hayapo, zungumza na mwenye nyumba kuhusu tofali mbili tatu za matundu karibu na mabati. Ni kazi ya fundi ya asubuhi moja, haimpunguzii nyumba thamani, na mpangaji atakayekuja baada yako atashukuru.

Kisumu pia imepewa zawadi ambayo miji mingine haina. Mchana, jua likishaichoma nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku hugeuka, ukashuka kutoka upande wa nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wenye tanga wameishi kwa mgeuko huo tangu zamani. Simama mlangoni saa tisa alasiri, kisha usimame tena saa nne usiku, uone upepo unatoka wapi. Kisha mpange shemeji alale upande ambao hewa inatokea, siyo ule inakoingilia, ili pumzi yake itoke nje badala ya kuwapitia watoto kwanza. Hilo halina gharama yoyote.

Mbu sasa. Uko katika ukanda wa malaria, na singethubutu kukuambia uache dirisha wazi bila kinga. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuuawa na malaria ndani ya siku chache, haraka sana kuliko TB. Lakini usilazimishwe kuchagua kati ya magonjwa hayo mawili. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane mpaka alfajiri, wakati mmelala, kwa hiyo chandarua chenye dawa ndicho kinga ya kwanza, na wavu wa dirishani ni wa pili. Wavu hupunguza kasi ya upepo kidogo, hauuzuii, ila usugue vumbi lake kila baada ya wiki mbili tatu. Na nikuulize: wale wawili wa upande wa sofa, wana neti? Katika nyumba nyingi nilizoingia, neti iko kwenye kitanda cha wazazi pekee. Kwa wezi, grili. Kama dirisha kubwa linakutisha hata likiwa na grili, angalau matundu ya juu yasizibwe kamwe, na mlango ukae wazi kutwa mtu akiwa nyumbani.

Kwa siku hizi tano zilizobaki, wahamishie watoto upande wako, neti na yote, na shemeji abaki peke yake upande ule. Avae barakoa ya kawaida akiwa ndani na watu wameamka, na kwenye matatu. Wengi hudhani barakoa ni ya kumlinda mzima, kumbe kwa TB barakoa ya kawaida humfaa zaidi mgonjwa kuivaa, maana hukamata vitone vikiwa bado vikubwa na vibichi. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba wagonjwa wakivaa, maambukizi hupungua kwa zaidi ya nusu. Lakini bora kuliko barakoa ni nje. Kuleni nje, piga soga nje, shemeji ashinde chini ya mwembe. Upepo huzitawanya chembe na jua huwaua bakteria. Sijaona wodi inayoshinda kivuli cha mti.

Kuhusu jiko, hapa nitakuwa mkali kidogo. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya usiku uohuo: makaa hayana moshi mwingi, ndiyo maana watu huyaamini, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima hulala isiamke. Usiliache jiko ndani mkilala, hata likionekana ni majivu. Hatari ya pili ni ya polepole. Moshi wa kuni, plastiki ya kuwashia na mafuta yanayoungua hudhoofisha vile vinyweleo vinavyofagia njia za hewa, na pia seli za kinga zilizo ndani ya mapafu, ambazo ndizo askari wa kwanza dhidi ya TB na nimonia. Mapafu ya mtoto yaliyovuta moshi miaka minne hayana ulinzi sawa na yale yaliyovuta upepo wa ziwa. Mvua ikinyesha, washa jiko barazani chini ya mabati, likikolea na moshi kuisha ndipo uliingize karibu na mlango ulio wazi, ukimaliza litoe. Mkiweza kukusanya pole pole pesa za mtungi mdogo wa gesi, fanyeni hivyo, na hata gesi muipikie dirisha likiwa wazi.

Ile mashine ya shilingi 9,000 usinunue. Si kwamba mashine za hewa ni uongo mtupu. Zenye chujio la HEPA, lile linalonasa chembe ndogo sana, na feni yenye nguvu hufanya kazi, na kuna wodi zinazozitumia. Ila kwa chumba chako ingebidi isukume zaidi ya mita 200 za ujazo kwa saa, usiku kucha, bila stima kupotea, na chujio libadilishwe. Nyingi zinazouzwa mitaani zina taa ya bluu na harufu nzuri, feni yake haipepei hata mshumaa. Pesa hizo ni wavu, fundi, tofali za matundu na neti ya pili. Feni ya kawaida mliyo nayo, kama ipo, iweke dirishani ikitazama nje, isukume hewa itoke. Katikati ya chumba inachofanya ni kuzungusha ileile.

Nimeliacha swali la watoto hadi sasa kwa sababu ndilo linalokutoa nyumbani, na ningependa uondoke kesho asubuhi.

Je, wameambukizwa? Inawezekana. Mtu aliyelala chumba kimoja na mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa, kwa miezi miwili, ana nafasi kubwa ya kumvuta bakteria. Lakini kumvuta si kuugua. Kwa watu wazima wenye kinga nzuri, kati ya 5 na 10 katika kila 100 walioambukizwa ndio huugua maishani mwao, wengi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kwa wengine mwili humfungia bakteria ndani, akalala. Watoto chini ya miaka 5 ni habari tofauti. Kinga yao haijakomaa, huugua upesi, na ugonjwa unaweza kuenda kwenye utando wa ubongo. Yule wa miaka 4 na mchanga ndio wa kutanguliza. Chanjo ya BCG waliyopewa mkononi wakizaliwa huwasaidia hasa dhidi ya aina hizo kali, lakini si pasi ya kupitia kila mlango.

Kwa hiyo nendeni nyote, pamoja na baba yao, kwenye kliniki ya kifua kikuu iliyomwanzishia shemeji dawa. Hata kama hakuna anayekohoa. Waambie, "Sisi ndio tunaoishi naye." Wahudumu wa afya ya jamii hupaswa kuwatembelea, lakini usingoje. Watawauliza kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda, watawapima watoto uzito, pengine eksirei. Mtoto mdogo hajui kutema makohozi, ndiyo maana siku hizi hata choo chake kinaweza kupimwa. Watakaokutwa hawaumwi, hasa hao wadogo, watapewa dawa ya kuzuia TB, mara nyingi ya miezi mitatu kwa watoto. Si chungu kama zamani. Vidonge vya watoto huyeyuka kwenye maji na vina ladha ya matunda, na Kenya ndiyo iliyotangulia nchi nyingine kuvianza, mwaka 2016. Msipewe dawa hiyo kabla ya kuchunguzwa, maana dozi ya kuzuia haitoshi kumtibu anayeumwa tayari. Wataomba pia kuwapima VVU. Kubalini bila kinyongo. Hawawashuku, wanataka kujua nani anahitaji ulinzi zaidi.

Mchanga mnyonyeshe. Maziwa yako hayapitishi TB, na mtoto aliyeachishwa ghafla katika miezi 8 akaanza kukonda ndiye TB anayemtamani. Hata kama wewe mwenyewe ungekutwa na ugonjwa, ungeendelea kunyonyesha huku unameza dawa.

Usingoje miadi ikiwa mtoto yeyote ana homa isiyoisha, amelegea, hachezi, hataki kula, anatapika tapika, shingo imekakamaa au ameshikwa na degedege. Huyo apelekwe hospitali usiku uohuo. Shemeji naye akikohoa damu, akikosa pumzi, macho yakawa ya manjano au akatapika kila anachokula, arudi kliniki siku hiyo, asijipunguzie dawa mwenyewe. Na pombe aiweke kando miezi hii sita. Ini lake lina kazi.

Neno la mwisho kwa baba watoto, kama atakubali kusomewa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa TB nchini walikuwa hawajagunduliwa. Wako kwenye matatu, kanisani, kwenye baa, darasani kwa mtoto wako wa miaka 9. Mdogo wako si mmoja wao. Yeye jina lake liko kwenye daftari, dawa iko tumboni, na ndani ya siku tano atakuwa miongoni mwa watu ambao sitaogopa kuketi nao benchi moja.

Hilo pazia, basi. Usinunue zito. Pazia linazuia upepo, halizuii chembe. Chembe hupita juu, chini na pembeni, kisha zikakwama upande usio na dirisha, ambao kwa maelezo yako nadhani ni upande wa kitanda. Mkishabadilisha nguo usiku, lifunge fundo juu ya kamba, hewa ipite. Kesho beba kijitabu cha kliniki cha mchanga, chenye rekodi ya chanjo na uzito, na kadi ya dawa ya shemeji. Mfike mapema, na mkitaja kwamba kuna mtoto wa miezi 8 huenda wakawahudumia kwanza. Na mkiwa kwenye foleni, ketini kwenye benchi la nje.